Siku kumi Japani kwa miaka 25 ya ndoa: pesa ziende wapi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa katikati ya Novemba, na tumedunduliza muda mrefu ili twende Japani. Tumepanga kulala Tokyo siku nne, Kyoto tatu na Osaka mbili, kote hoteli za nyota tano. Mume wangu anapenda kokteli na amesoma sana kuhusu baa za Ginza, mtaa wa Tokyo, ila anaogopa kukataliwa mlangoni. Mimi sinywi kilevi na sili nguruwe, lakini vya baharini nakula vyote. Tunatamani kula chakula cha mikoani, si sushi ya Tokyo peke yake. Je, mpango wetu umekaa sawa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Dada yangu, hongera sana wewe na shemeji. Nilikaa miaka mingi kwenye mapokezi ya hoteli za Tokyo kabla sijaanza kuwapangia wageni safari, na swali lako nimelisikia kwa sura nyingi, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja. Mpango wenu umeanza na hoteli, wakati safari ya chakula huko huanza na msimu. Ukishajua kinacholiwa katikati ya Novemba na kinatoka bahari gani, njia inajionyesha. Halafu hoteli tatu kubwa katika miji mitatu mikubwa ni kununua kitu kile kile mara tatu: kitanda kizuri, marumaru, dirisha refu. Mimi ningelala Tokyo siku tatu, Kanazawa mbili, ryokan (nyumba ya wageni ya jadi) ya milimani mbili, Kyoto mbili, na Osaka ningepita kula tu, kwa kuwa treni ya haraka kutoka Kyoto huchukua kama nusu saa. Kateni tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea uwanja wa Kansai, karibu na Osaka, ili msirudi nyuma. Ndege za Doha na Dubai hufika pande zote mbili.

Kwa nini Kanazawa? Kwa sababu ya kaa. Kila mwaka tarehe 6 Novemba, saa sita usiku, hufunguliwa uvuvi wa kaa waitwao zuwaigani kwenye Bahari ya Japani, kuanzia Toyama kuelekea magharibi. Nyie mtafika siku chache tu baada ya hapo. Dume wa mkoa wa Ishikawa, ambako ndiko Kanazawa, huitwa kano-gani na hufungwa kibandiko cha buluu kwenye mguu. Akitoka mkoa jirani wa Fukui huitwa Echizen-gani na kibandiko chake ni cha njano. Hicho kibandiko ndicho mnacholipia, kwa hiyo mkiona kaa wa bei kubwa hana, ulizeni. Dume ni mkubwa, miguu mirefu, nyama tamu, na mmoja anatosha watu wawili.

Lakini jike, dada, jike msigawane. Ni mdogo kama kiganja, jina lake huko ni kobako, na uvuvi wake hufungwa tarehe 29 Desemba. Yaani hayafiki hata majuma manane kwa mwaka. Ndani ya gamba ana mayai ya rangi ya chungwa ambayo hayajakomaa, laini kama siagi, na chini ya tumbo ana mayai mengine yaliyokomaa yanayopasuka mdomoni punje kwa punje. Baadhi ya nyumba za oden (vyakula vinavyochemshwa polepole kwenye supu) za Kanazawa hutoa nyama yote, huipanga ndani ya gamba pamoja na mayai, kisha huichemsha humo. Wageni wangu waliokula mlo wa bei kubwa kabisa Tokyo wamekuja kuniambia kwamba walichokikumbuka ni lile gamba.

Asubuhi nendeni soko la Omicho, katikati ya mji. Mtawaona kaa wamepangwa kwenye barafu, na pembeni yao nodoguro, samaki mwekundu mwenye mafuta mengi ambaye jina lake maana yake ni koo jeusi. Huyo aombeni achomwe kwa chumvi tu. Kanazawa ulikuwa mji wa ukoo wa Maeda, matajiri kuliko mabwana wote wa Japani ukimwondoa shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi, mwenyewe, na utajiri wao waliuelekeza kwenye ufundi: vyombo vya kaure vya Kutani, vyombo vya laki (mbao zilizopakwa utomvu wa mti hadi zikang'aa), na dhahabu inayopondwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi. Ndiyo maana huko sahani huzungumziwa sawa na chakula kilicho juu yake. Pitieni pia bustani ya Kenrokuen. Tangu tarehe 1 Novemba watunza bustani huanza kufunga kamba kutoka juu ya nguzo hadi kwenye matawi ya misonobari, ili theluji isiyavunje.

Neno moja kuhusu tetemeko la tarehe 1 Januari 2024. Lilipiga rasi ya Noto, kaskazini ya Kanazawa, na katika mji wa Wajima eneo la soko la asubuhi likaungua. Mji wa Kanazawa wenyewe hupokea wageni kama kawaida. Mkitaka zawadi ya kudumu, nunueni bakuli mbili za laki za Wajima. Ni ghali, na mafundi wale wanastahili kila senti, kwa sababu wengi wao wamelazimika kuanza upya.

Kutoka Tokyo hadi Kanazawa ni kama saa mbili na nusu kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi. Reli hiyo ilifika Kanazawa mwaka 2015, na Machi 2024 ikaongezwa hadi Tsuruga, ikiwa na kituo kinachoitwa Kaga Onsen. Hapo ndipo mtakaposhuka kwenda ryokan, na hapo ndipo ninapotaka pesa zenu nyingi ziende.

Ryokan ndani yake ni hivi: sakafu ya mikeka, matandiko yanayotandikwa chini jioni, na bwawa la maji ya moto yanayotoka ardhini. Eneo la Kaga lina vijiji vinne vya maji ya moto. Awazu ndiko iliko ryokan iitwayo Hoshi, ambayo historia ya familia yake inaanzia mwaka 718. Yamanaka liko kwenye korongo lenye mto, na mshairi Bashō alilala huko mwaka 1689. Leo kuna Kayotei, nyumba ya vyumba 10 tu. Yamashiro kuna Beniya Mukayu, ambako vyumba vina bwawa lao la nje. Katayamazu liko kando ya ziwa. Kwa wanandoa wasiozoea kuoga uchi mbele ya wageni, na huko wanaume na wanawake huoga mbalimbali lakini wote bila nguo, chumba chenye bwawa lake ni jibu. Kama ni ghali mno, ulizeni bwawa la kukodi kwa saa moja, wanaliita kashikiri.

Bei ya ryokan inatajwa kwa mtu mmoja, si kwa chumba, na ndani yake mna chakula cha jioni na kifungua kinywa. Watu wengi wanaona yeni 60,000 wanafurahi, kumbe ni 120,000 kwa wawili. Hata hivyo, pigeni hesabu vizuri. Ndani ya fedha hiyo kuna mlo wa kaiseki, chakula rasmi cha Kijapani cha sahani nane au kumi, ambao ukiununua peke yake Tokyo unamaliza nusu ya kiasi hicho au zaidi.

Fikeni saa tisa au saa kumi alasiri, msichelewe hata kidogo. Chakula cha jioni kinaanza saa kumi na mbili au saa moja, na mpishi ameanza kukitayarisha tangu asubuhi kwa ajili ya watu fulani kwa saa fulani. Miaka yangu ya mwanzo nilikosea treni, nikawafikisha wageni wawili saa mbili na nusu usiku. Jiko lilikuwa limeshafungwa. Mama aliyekuwa akihudumia chumba chao aliwafinyangia wali kwa mikono yake na kuwaletea chai, akainama akiomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Pesa ya mlo haikurudi, na haikupaswa kurudi. Tangu siku hiyo sipangi treni ya kufika ryokan baada ya saa kumi.

Mkifika mtavua viatu mlangoni na kupewa yukata, vazi la pamba. Upande wa kushoto unafunika wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti, na mhudumu atawasahihisha kwa upole lakini haraka. Kabla ya kuingia majini mnakaa kwenye kigoda, mnajisugua kwa sabuni na kujisuuza kabisa. Bwawa ni la kujipumzisha, uchafu unaishia nje. Ogeni mara moja kabla ya kula, mara moja kabla ya kulala, na mara ya tatu alfajiri ukungu ukiwa bado bondeni. Siku ya pili msiende popote. Ndiyo sababu nimesema siku mbili: wageni wa usiku mmoja hufika, hula, hulala, hufunga mizigo.

Sasa suala lako la kilevi na nguruwe, ambalo naliona ndilo zito kuliko baa zote za Ginza. Nguruwe kuepuka ni rahisi ukijua anakojificha: supu nyeupe ya rameni, maandazi madogo ya gyoza, na mafuta yaliyomo kwenye mchuzi wa kari. Kilevi ni kigumu zaidi. Jiko la Kijapani linatumia sake na mirin, aina ya sake tamu ya kupikia, kama sisi tunavyotumia kitunguu. Imo kwenye mchuzi wa samaki, kwenye kitoweo cha uyoga, na kwenye jibuni, bata wa Kanazawa aliyepakwa unga na kupikwa kwenye mchuzi mzito. Hivyo amua kabla ya kuweka nafasi: unakataa kinywaji tu, au hata kilichochemshwa ndani ya chakula? Ukishaamua, andika wazi wakati wa kuomba chumba, si siku ya kufika. "Butaniku nuki" ni bila nguruwe. "Sake mo mirin mo nuki" ni bila sake wala mirin, hata ya kupikia. Kwenye ryokan ya msimu wa kaa una bahati, maana kaa huchemshwa kwa chumvi, huchomwa juu ya makaa, huliwa mbichi, na mwishoni supu yake hupikiwa wali. Migahawa mingine midogo itajibu kwamba haiwezi. Usiumie moyo. Mpishi aliyekuambia hawezi amekuheshimu kuliko yule aliyekubali kisha akabahatisha.

Kyoto nitapita haraka, kwa kuwa kila mtu ameshawaambia habari zake. Kutoka Kaga Onsen mtabadilisha treni Tsuruga. Mwishoni mwa Novemba majani ya mimaple yanakuwa mekundu, mji unafurika, na bei zinapanda, basi wekeni nafasi mapema. Jueni pia kwamba tangu tarehe 1 Machi 2026 kodi ya malazi ya mji huo imepanda, hadi yeni 10,000 kwa mtu kwa usiku kwa malazi ya yeni 100,000 na zaidi. Kwa kuwa mtakuwa mmetoka ryokan, hapa chukueni hoteli nzuri ya kawaida, na mfanye sherehe yenu mezani.

Chakula cha Kyoto kina hadithi ambayo mtu wa pwani yetu ataielewa upesi. Mji hauko baharini. Mwani wa kombu, ambao ndio uti wa supu yake, ulitoka Hokkaido, kaskazini kabisa, kwa majahazi yaliyoitwa kitamaebune. Yaliondoka Osaka majira ya kuchipua na kurejea karibu na majira ya baridi, safari moja kwa mwaka, yakifuata upepo kama majahazi ya kwetu yalivyofuata kaskazi na kusi. Yalishusha kombu na samaki wakavu bandari kama Tsuruga, na mizigo ikaendelea kwa nchi kavu na kwa ziwa Biwa hadi Kyoto. Bangala wa pwani ya Wakasa nao walipigwa chumvi na kubebwa mgongoni kupitia milimani, wakifika Kyoto wamekolea sawasawa. Kwa hiyo Kyoto kuleni sushi ya huyo bangala, tambi za soba zenye samaki mkavu wa nishin, na tofu iliyochemshwa na kombu karibu na hekalu la Nanzenji. Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia Ikeda Kikunae, mzaliwa wa Kyoto, aliichunguza supu hiyo ya kombu na kutoa jina kwa ladha aliyoikuta humo: umami.

Tokyo, ambako mnaanzia, mna siku tatu. Aman, yenye vyumba 84 juu kabisa ya jengo la Otemachi, ni kimya kizuri kwa aliyetoka kwenye safari ya ndege ya muda wa saa kumi na nane. Lakini kwa miaka 25 ya ndoa mimi ningewapeleka Okura. Hoteli ya awali ilifunguliwa mwaka 1962, na ukumbi wake wa mapokezi ulisanifiwa na Yoshiro Taniguchi: taa zinazoning'inia kama shanga, meza za mviringo na viti vyake vilivyopangwa kama petali za ua. Ilipobomolewa mwaka 2015 watu wa nchi nyingi walilalamika. Mpya ikafunguliwa 2019, na aliyeujenga upya ule ukumbi ni mtoto wake, Yoshio Taniguchi. Kaeni pale saa ya machweo bila kuagiza kitu, mtaona kwa nini.

Sasa zamu ya shemeji. Mwambie aondoe hofu, ila aelewe anakwenda wapi. Baa za Ginza hazina muziki mkubwa wala meza za watu kumi. Nyingi zina viti visivyozidi kumi na viwili, ziko ghorofani au chini ya ardhi, na mlango hauna dirisha. Wakikuambia nafasi imejaa, mara nyingi imejaa kweli. Nyie ni wawili, na hiyo ndiyo hesabu inayopendwa. Ombeni mapokezi ya hoteli wapige simu, au fikeni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, mlango unapofunguliwa. Simameni mlangoni mpaka muonyeshwe viti. Msijipulizie manukato makali, kwa sababu mtu wa kiti cha pili anajaribu kunusa kinywaji chake. Sheria ya mwaka 2020 ilipunguza uvutaji wa sigara ndani, lakini baadhi ya baa ndogo bado zinaruhusu, hivyo ulizeni kwenye simu.

Anachokwenda kukiona shemeji ni kazi ya mikono. Barafu inagandishwa polepole hadi inakuwa wazi kama kioo, kisha fundi anaichonga kwa kisu, kwa kuwa donge kubwa lisilo na hewa ndani haliyeyuki haraka na kinywaji hakipotezi ladha. Kazuo Uyeda wa baa ya Tender alijulikana kwa namna yake ya kutikisa kopo kwa nguvu na kwa mwendo wa pekee, hata jina la mtindo huo likaenea ulimwenguni. Hidetsugu Ueno wa High Five hachezi na orodha ya vinywaji: anakuuliza unapenda nini, kikali au kitamu, msingi gani, halafu anaanza. Upande wa Shinjuku, mtaa mwingine wa Tokyo, yupo Hiroyasu Kayama wa Benfiddich, ambaye hutumia mimea ya shambani kwa familia yake na kuitwanga kwenye kinu mbele yako. Na pale hoteli ya Imperial, ndani ya Old Imperial Bar, kuna mabaki ya jengo la msanifu Mmarekani Frank Lloyd Wright, lililofunguliwa siku ile ile ya tetemeko kubwa la tarehe 1 Septemba 1923. Hapo aagize Mount Fuji, kokteli ya hoteli hiyo tangu 1924. Shemeji akichagua moja tu, nampa hii iwe ya jioni ya kwanza, maana kwenye baa ya hoteli si rahisi kukataliwa mlangoni, naye atazoea.

Kila kinywaji Ginza kwa kawaida ni kati ya yeni 1,500 na 2,500, na juu yake kuna ada ya kiti, ambayo mara nyingi hutaiona kwenye orodha. Si wizi, ni desturi. Bakshishi hakuna kabisa. Ukiacha noti kaunta, mtu atakukimbilia nayo barabarani.

Wewe hutakaa bure, dada. Novemba ni msimu wa makomamanga, mapeasi na machenza, na fundi wa Ginza akiambiwa "arukōru nuki de" anakutengenezea cha kwako kwa uangalifu ule ule, glasi ile ile, barafu ile ile. Na kabla ya baa, mchana, nendeni Café de l'Ambre, Ginza hapo hapo, duka la kahawa tupu lililofunguliwa mwaka 1948 na Ichiro Sekiguchi, aliyeishi hadi miaka 103. Kaeni kaunta mtazame maji yakidondoka kwenye kitambaa. Katika maduka ya kahawa ya zamani ya Japani mtakuta neno moja kwenye orodha ambalo halihitaji kufasiriwa: Kirimanjaro. Ndivyo wanavyoiita kahawa ya Tanzania, na wazee wa Tokyo wanaijua kwa jina hilo.

Leo hii andikieni ryokan, maana vyumba vichache vya msimu wa kaa huisha kabla ya ndege kujaa. Mizigo mikubwa itumeni kwa gari la mizigo kutoka hoteli hadi hoteli, hufika kesho yake, nanyi mpande treni na mkoba mmoja. Na usiku ule Ginza, mkishalipa, msishangae fundi akitoka nyuma ya kaunta kuwasindikiza hadi kwenye lifti. Atainama, na hatainuka mpaka milango ifungwe. Geukeni muiname naye.